Njia Fupi Inapojaa: Jinsi Ruta Zinavyochagua Pa Kupitisha Data

Dereva aliyetoka Tanga kwenda Dar es Salaam, akishapita Segera na kufika Msata, ana uamuzi wa kufanya: anyooshe hadi Chalinze, au apinde kushoto apitie Bagamoyo. Ruta, yaani kifaa kinachopokea pakiti (vipande vidogo) za data na kuzielekeza mbele, hukabiliwa na uamuzi wa namna hiyo kwa kila pakiti, ila yenyewe kwa kawaida haitazami foleni. Hutazama namba tu.

Katika itifaki (kanuni za mawasiliano) ya OSPF, inayotumika ndani ya mitandao ya taasisi nyingi, kila kiungo, yaani njia inayounganisha ruta na ruta, hupewa gharama, na ruta hutafuta njia yenye jumla ndogo kwa kanuni aliyoichapisha mtaalamu wa kompyuta Edsger Dijkstra mwaka 1959. Ruta nyingi za kampuni ya Cisco, zisipobadilishwa mpangilio, hugawa megabiti 100 kwa kasi ya kiungo, na jibu lililo chini ya 1 huhesabiwa kuwa 1. Kwa hiyo kiungo cha megabiti 10 hupata gharama ya 10, cha megabiti 100 hupata 1, na cha gigabiti 10 nacho hupata 1 ileile. Fundi asiyelijua hilo hushangaa kuona kiungo kipya, kilichogharimu fedha nyingi, kikigawana mzigo nusu kwa nusu na kile cha zamani.

Mtu atauliza: kwa nini ruta zisipime ucheleweshaji wenyewe, yaani muda ambao pakiti huchelewa njiani, zikakwepa foleni? Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1979 mtandao wa ARPANET wa Marekani, mtangulizi wa intaneti, ulianza kutumia ucheleweshaji, uliopimwa kwa kuchukua wastani wa kila kipindi cha sekunde 10, kuwa ndiyo gharama ya kiungo. Mzigo ulipokuwa mdogo, mambo yalikwenda vizuri. Ulipozidi, ruta ziliona kwa pamoja kwamba kiungo fulani kimejaa, zikakihama kwa pamoja na kujazana kwenye kingine. Kipimo kilichofuata kikaonyesha kile cha kwanza ni kitupu, zikarudi. Ni kama madereva wote wa Msata wasikie redioni kwamba Chalinze kuna foleni, wapinde wote: baada ya muda Chalinze peupe, Bagamoyo hapapitiki. Mwaka 1987 gharama iliwekewa mipaka ya kiasi inachoweza kupanda au kushuka kwa mara moja, ili baadhi ya safari zihame na nyingine zibaki.

Ndiyo maana uhandisi wa mtiririko wa data haufanywi kwa papara. Mhandisi hukusanya takwimu za majuma kadhaa, akajua data kiasi gani hutoka wapi kwenda wapi, ndipo abadilishe gharama za viungo vichache, au, kwa teknolojia ya MPLS, azibandike pakiti lebo zinazozipitisha njia iliyochaguliwa mapema, hata kama si fupi. Mimi binafsi huanza na gharama, kwa kuwa lebo nyingi humtaabisha fundi wa zamu ya usiku.

Jambo linalosahaulika zaidi ni nafasi ya akiba, yaani uwezo unaoachwa wazi ili kubeba mzigo wa kiungo kingine kikikatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikadorora nchini Tanzania. Hata ndani ya taasisi moja hesabu ni ileile: viungo viwili vya kasi sawa, kila kimoja kikibeba asilimia 60 ya uwezo wake, huonekana vimetulia, lakini siku kimoja kikikatika, kilichobaki hudaiwa asilimia 120.