Fomu ya idhini haitoshi: tunavyochukua data za watu Mombasa

Kazi yangu ni kuwashauri wenye biashara, shule na zahanati za hapa Mombasa jinsi ya kushughulikia data za watu bila kuvunja sheria. Ombi ninaloletewa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Wakili, nitengenezee fomu ya idhini, wateja watie sahihi, yaishe." Fomu naitengeneza inapohitajika, ila sianzii hapo. Sahihi ya mteja haihalalishi kila kitu, na madhara mengi ninayokutana nayo hayatokani na kukosekana kwa sahihi. Yanatokana na kuchukua zaidi ya kinachohitajika, kisha kukiweka mpaka hakuna tena anayekumbuka kiko wapi na nani anakisoma.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na ndani ya haki hiyo imo ya kutolazimishwa kutoa habari za familia yake au mambo yake ya ndani pasipo sababu, wala habari hizo kuanikwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, imeifanya haki hiyo kuwa masharti ya kila siku. Data zichukuliwe kwa lengo lililo wazi na halali. Ziwe zile tu ambazo lengo hilo linazihitaji, zisigeuziwe kazi nyingine isiyopatana nalo, ziwe sahihi, na zisikae kupita muda wake. Hayo yote yanamkabili mwenye biashara kabla hajafika kwenye sahihi ya mtu yeyote.

Tuangalie kitabu cha getini, maana kila mmoja wetu ameshakiandika. Uingie jengo la ofisi Moi Avenue au nyumba za kupangisha kule Nyali, bawabu atakusogezea kitabu kikubwa uandike jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, unakotoka, unayemwendea na saa. Kwingine atakichukua kitambulisho chenyewe akitie kwenye droo hadi utoke. Lengo ni usalama, na ni halali kabisa. Mwenye jengo ana wajibu wa kujua nani yuko ndani. Lakini mgeni anayeandika mstari wa mwisho anaisoma mistari yote iliyo juu yake, na anaweza kuipiga picha kwa sekunde moja. Jina kamili, kitambulisho na simu vikikaa pamoja, tapeli ana kila anachohitaji kukupigia akijifanya mtu wa benki au wa M-Pesa. Kwa wanawake kuna la ziada. Wateja wangu kadhaa wamenisimulia jinsi walivyoanza kupata jumbe za usiku kutoka kwa mtu wasiyemjua, ilhali siku ile nambari waliiandika getini tu.

Kurekebisha hili hakuhitaji kompyuta. Nawaambia wasimamizi wa majengo kwamba kwa wageni wengi jina, anayeendewa na saa vinatosha. Bawabu akitazame kitambulisho ahakikishe jina, kisha amrudishie mwenyewe papo hapo. Aandike yeye, kitabu kimwelekee yeye, au kila mgeni apewe karatasi yake. Kitabu kikijaa kipangiwe tarehe ya kuchomwa au kukatwakatwa, kisitupwe stoo. Tena pawe na kibao ukutani, kwa Kiswahili, kinachosema data hizi ni za nini, zitakaa muda gani na nani wa kuulizwa, kwa sababu Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinataka mtu aarifiwe kabla hajatoa chochote. Na anayesimamia nyumba za kupangisha, sawa na mwenye hoteli, shule, zahanati au kampuni ya usafiri, anatakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, msimamizi wa sheria hiyo, hata kama biashara yake ni ndogo. Wengi hudhani usajili ni wa makampuni makubwa ya Nairobi.

Saiba, yale maduka ya huduma za kompyuta na mtandao, nazo zina tatizo hilihili. Mtu anaingia kuomba pasipoti au cheti cha maadili mema, anakabidhi kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na picha ili viskaniwe, na mara nyingi anataja na nywila yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ambayo kijana wa saiba anainakili kwenye daftari. Kazi ikiisha anaondoka, lakini faili zake zinabaki kwenye kompyuta ambayo anayefuata ataikalia. Mwenye saiba akijizoesha kufuta faili za wateja kila jioni, na kumwachia mteja aandike nywila yake mwenyewe, atakuwa amemaliza sehemu kubwa ya wajibu wake. Nawe mteja una haki ya kusema "nifutie hapa nikiona".

Linaloniuma zaidi ni data za wanaotafuta kazi Ghuba. Vijana wengi wa Pwani, hasa mabinti, hupitia kwa maajenti kwenda kufanya kazi za nyumbani Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu. Ajenti huwataka pasipoti, picha ya uso na ya mwili mzima, dini, kama wameolewa au wameachika, majina na umri wa watoto, urefu, uzito, na baadaye matokeo ya vipimo vya hospitali. Vyote huunganishwa kwenye ukurasa mmoja na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp hapa na ng'ambo ili waajiri wachague. Binti akikosa kazi, au akibadili nia, ukurasa wake unaendelea kuzunguka kwenye simu za watu asiowajua, nchi asizozijua. Nimekaa na akina mama waliokuja kuniuliza kama picha ya binti yao inaweza kuondolewa huko. Jibu la kweli ni gumu kulitamka: haki ya kufutiwa ipo, lakini kuzifikia simu zote hizo ni kazi isiyoisha.

Sheria haikulisahau jambo hili. Orodha ya data nyeti katika sheria ya Kenya ni ndefu: afya, imani, asili ya kikabila, alama za mwili kama za vidole, hali ya ndoa, mali, na mambo ya familia pamoja na majina ya watoto, wazazi na mke au mume. Kwa maneno mengine, ukurasa wa ajenti karibu wote ni data nyeti. Kifungu cha 49 kinasema data za namna hiyo zisishughulikiwe nje ya nchi ila kwa idhini ya mwenyewe na baada ya kuthibitishwa kwamba huko zitalindwa ipasavyo. Kuzirusha kwenye kundi lenye watu wasiojulikana hakuwezi kuitwa ulinzi, hata fomu iwe na sahihi ya binti huyo mara tatu.

Hapa ndipo nisipokubaliana na wanaoiona idhini kama dawa ya kila kitu. Sheria inataka idhini iwe ya wazi, ya hiari, ya jambo mahsusi, na ya mtu aliyeelewa anachokikubali. Kifungu cha 32 kinamtwika aliyechukua data mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa, kinamruhusu mtu kuiondoa wakati wowote, na kinataka iangaliwe kama huduma ilifungamanishwa na data ambazo huduma hiyo haizihitaji. Binti ambaye wanawe wanasubiri karo hawezi kumwambia ajenti "picha hii sitoi". Tukiliita hilo hiari tunajidanganya. Kwa hiyo mzigo unarudi kwa ajenti: mwanzo atume jina la kwanza, umri na uzoefu wa kazi, basi. Pasipoti itoke mwajiri akishapatikana, kwa ajili ya viza. Matokeo ya hospitali yaende kwa anayehusika na ajira ile, si kwa wanaotazama tu. Aliyekosa kazi afutwe. Mwajiri ana haki ya kujua kama mfanyakazi ana afya ya kufanya kazi. Watu wote wa kundi hawana haki hiyo.

Mahakama nazo zimeanza kusema hivyo. Mwaka 2023 watu walipanga foleni ndefu Nairobi kupigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, ili wapewe sarafu hizo, mpaka serikali ikasimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe ndani ya siku 7 chini ya uangalizi wa Kamishna, kwa sababu tathmini ya athari, yaani kupima mapema madhara ambayo kazi hiyo ingeweza kuwaletea wenye data, haikufanywa inavyotakiwa, na idhini iliyopatikana kwa kumvuta mtu kwa sarafu haikukubalika. Serikali yenyewe haikuachwa: tarehe 14 Oktoba 2021 mahakama hiyo ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, vitambulisho vipya vya kidijitali, kwa kuwa tathmini kama hiyo haikutangulia.

Wapo wanaoniambia mtu mwema hana cha kuficha. Nawakumbusha mwaka huohuo wa 2021, Wakenya wengi walipotazama kwenye mtandao wakajikuta wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Hakuna siri yao iliyotoka. Majina na nambari zao za vitambulisho zilichukuliwa, zikasema neno ambalo wenyewe hawakulisema. Faragha inamlinda mtu asisemewe hivyo, awe ana siri au hana.

Kuhusu programu za mikopo ya simu nitakuwa mfupi, kwani mengi yameshaandikwa. Mkopeshaji asichote nambari zilizo kwenye simu yako ili awasumbue wenyewe kwa deni lako: ukikopa, shangazi yako aliye kwenye orodha ya simu yako hakukopa, wala hakumpa mkopeshaji nambari yake. Septemba 2023 Kamishna alimtoza mkopeshaji mmoja shilingi 2,975,000 kwa makosa ya aina hiyo. Wakati huohuo shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na baa moja shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja. Walimu wa shule na madrasa wanaopakia picha za watoto siku ya zawadi, tafadhali someni uamuzi huo wa Kamishna kuhusu shule. Ruhusa ya mzazi iulizwe kabla, na mtoto ambaye mzazi wake amekataa asitengwe na wenzake kwenye sherehe.

Sasa wewe uliye upande wa pili, ambaye data zako ziko mikononi mwa watu. Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kuarifiwa data zako zinatumiwa vipi, kuziona, kupinga zisitumiwe, kusahihishiwa zilizo na kosa na kufutiwa zilizo za uongo au za kupotosha. Andika, hata kwa ujumbe wa simu: mna data gani zangu, mlizipata wapi, mmempa nani? Ombi la kuziona lina siku 7 kujibiwa na halilipiwi. La kusahihisha au kufuta lina siku 14. Na mwenye biashara akigundua data zimevuja kwa namna inayoweza kukudhuru, kama simu ya kazi yenye picha za vitambulisho kuibwa, ana saa 72 za kumjulisha Kamishna, nawe uambiwe bila kucheleweshwa.

Usipojibiwa, nenda kwa Kamishna. Uchunguzi wa malalamiko unatakiwa kumalizika ndani ya siku 90, na fidia chini ya Kifungu cha 65 haihesabu hasara ya fedha peke yake. Fadhaa uliyoipata nayo inahesabiwa. Ambatisha nakala ya ombi lako la kwanza, jibu kama lilikuja, na picha za skrini zenye tarehe na nambari zilizotumika. Usimfutie mtu jumbe zake kwa hasira, utazihitaji. Andika kwa Kiswahili kama ndicho unachokimudu, kwani Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua kuwa lugha rasmi, na ueleze mambo kwa mpangilio yalivyotokea: ulitoa nini, ulimpa nani, ulimpa kwa ajili gani, na kimetumiwa kwa lipi.