Paka au ndege: nani msafi zaidi ndani ya nyumba?

Hapa Kisumu swali hili hunijia kabla hata ya swali la bei: kati ya paka na ndege, ni yupi asiyechafua nyumba? Jibu langu fupi ni paka. Jibu refu lina kazi zaidi, kwa sababu paka huficha uchafu wake ilhali ndege huuanika, na uchafu usioonekana ndio watu husahau kuutoa.

Mimi ni daktari wa mifugo. Sehemu kubwa ya kazi yangu bado ni ng'ombe, mbuzi na kuku, na wapo majirani wanaocheka wakisikia kuna mtu amelipa nauli kumleta paka apimwe. Lakini wapangaji wa Migosi na Milimani sasa wanakuja na paka, njiwa, na wale kasuku wadogo wa kijani na manjano wanaouzwa wawili wawili kwenye kizimba.

Sifa ya paka si ya bure. Ulimi wake umejaa vijiba vigumu vilivyopinda kuelekea kooni. Watafiti wa Georgia Tech, Marekani, walionyesha mwaka 2018 kwamba ncha ya kijiba ina mfereji mdogo unaobeba mate na kuyapenyeza manyoyani hadi karibu na ngozi. Ndiyo maana paka mwenye afya hanuki. Nikiletewa paka mwenye manyoya yaliyoshikana mgongoni, huanza kumkagua kabla mwenyewe hajamaliza kueleza: mara nyingi meno yanamuuma, ana ugonjwa mwingine, au amenenepa kiasi kwamba mdomo haufiki nyuma. Choo hahitaji kufundishwa sana. Mtoto wa paka wa wiki chache ukimwekea beseni la mchanga atachimba, atajisaidia, kisha atafukia.

Sasa tufukue. Paka akila panya, ndege au mabaki ya nyama mbichi kutoka buchani anaweza kupata kimelea kiitwacho toksoplasma. Baada ya maambukizi ya kwanza hutoa mayai ya kimelea hicho kwenye mavi kwa wiki 1 hadi 3 hivi, na kwa kawaida baadaye harudii. Mayai yakiwa mabichi hayaambukizi. Yanahitaji kati ya siku 1 na 5 kukomaa. Ukizoa beseni kila siku, umeyatoa kabla hayajawa na madhara. Ukingoja Jumapili, umeyalea mwenyewe. Na usitegemee Jik, kwa sababu mayai haya huvumilia klorini, tena klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Maji yanayochemka ndiyo dawa.

Kwa kuwa kimelea hicho kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, karibu kila mjamzito mwenye paka ameshaambiwa na mama mkwe amtupe. Si lazima. Mtu mwingine wa nyumbani azoe beseni, au mama mwenyewe avae glavu kisha anawe kwa sabuni. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni sukuma wiki isiyooshwa vizuri, nyama ambayo haijaiva, na lile rundo la mchanga wa ujenzi langoni ambako watoto hucheza mchana na paka wa mtaa mzima hujisaidia usiku. Funika mchanga huo kwa turubai.

Wateja wangu Waislamu hunikumbusha kwamba paka si najisi, na maji aliyoyaonja yanafaa kwa udhu. Sina la kupinga. Usafi wa ibada na minyoo ya tumboni ni mambo mawili, na paka huyo huyo bado anahitaji dawa ya minyoo, dawa ya viroboto na chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa ugonjwa huo haubagui mbwa na paka.

Kuna jambo moja ambalo kujilamba hakuliondoi bali hulizidisha. Protini inayowasha pua na macho ya wenye mzio iko kwenye mate ya paka na mafuta ya ngozi yake. Anapojilamba anaipaka mwilini, inakauka, halafu inapeperuka na kunasa kwenye makochi na mapazia. Paka akihama leo, inaweza kukaa nyumbani kwa miezi. Kama mwanao ana pumu, mpeleke kwanza akacheze kwa rafiki mwenye paka kabla hujaleta wako.

Ndege naye si mchafu wa mwili. Huoga kwenye kibakuli, hupanga manyoya unyoya kwa unyoya, na wengi wao wana tezi ya mafuta juu ya mkia ambayo huyapaka kwa mdomo ili yasilowe. Tatizo ni kwamba hana kibofu. Mkojo na mavi vinatoka pamoja, ule weupe ukiwa ndio mkojo, na kwa kuwa mwili wa kuruka haubebi mzigo, anatoa kila baada ya muda mfupi. Kasuku mdogo anayetoshea kiganjani anaweza kujisaidia mara 40 kwa siku. Ongeza maganda ya mtama anayoyarusha nje ya kizimba, maganda yanayoita mende na panya, na hapo utaanza kumtamani paka.

Hata hivyo, madoa si shida kubwa, maana yanafutika. Ninaloogopa ni vumbi. Njiwa na kasuku wa kijivu hutoa unga mweupe kutoka kwenye manyoya yao, na mavi yakikauka kwa joto letu la Kisumu husagika na kuwa unga mwingine. (Kasuku wa kijivu, kwanza, hafugwi bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya wale wanaonaswa porini imepigwa marufuku.) Vumbi hilo linaweza kubeba bakteria wa homa ya kasuku, ile iliyosambaa Marekani na Ulaya mwaka 1929 na 1930 kupitia kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika Kusini. Mtu hushikwa na homa, kichwa na kikohozi kikavu, na hospitalini ataonekana ana nimonia ya kawaida. Mwambie daktari kwamba unafuga ndege, kwa maana dawa yake ni doksisaiklini, na amoksilini unayonunua dukani haitakusaidia.

Mavi ya njiwa yana la ziada: kuvu anayeweza kuvutwa na pumzi na kuleta homa ya uti wa mgongo kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Katika kaunti zetu za kando ya ziwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI ni wengi, kwa hiyo nauliza waziwazi ni nani nyumbani anayesafisha kibanda cha njiwa. Akiwa ni yule mwenye kinga iliyoshuka, abadilishane kazi na mwingine.

Kwa hiyo usifagie kizimba kikiwa kikavu, hata siku moja. Nyunyizia maji, kunja gazeti la chini pamoja na uchafu wake, panguza kwa kitambaa kibichi, na uvae barakoa. Kizimba kikae barazani au sebuleni penye dirisha, mbali na kitanda na jiko. Hapo ndipo mpangaji wa chumba kimoja anaposhindwa, kwa sababu kitanda, jiko na kizimba viko hatua mbili mbili. Huyo namshauri afuge paka, na asipokuwa na mtu wa kuzoa mchanga kila siku, basi asifuge chochote.

Njiwa wa juu ya paa wana hesabu yao. Nyumba nyingi hapa huteka maji ya mvua kutoka kwenye mabati, na mvua ya kwanza baada ya ukame husukuma mavi ya miezi yote moja kwa moja hadi kwenye tangi, pamoja na bakteria wa kuharisha kama salmonela. Hamishia kibanda kwenye nguzo uani, ondoa bomba linaloingiza maji tangini mvua ya kwanza inaponyesha ili maji yale yamwagike chini, kisha lirudishe. Ya kunywa chemsha.