Je, wajua kwa nini karafuu za Pemba huvushwa kwa magendo?

Mkulima wa miji ya Wete au Mkoani, kisiwani Pemba, aliyekwisha kuchuma, kuchambua na kuanika karafuu zake ana mnunuzi mmoja tu anayetambuliwa na sheria: Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililoundwa mwaka 1968. Hata hivyo, kwa miongo mingi magunia ya karafuu yamekuwa yakipakiwa vyomboni usiku na kuvushwa hadi pwani ya Kenya. Kwa nini mtu ahatarishe mali na uhuru wake ilhali mnunuzi yupo jirani?

Jawabu limo katika pengo la bei. Mnunuzi asiye na mshindani hana linalomlazimisha kupandisha bei, na katika miaka ya 1970 na 1980 mkulima alipata sehemu ndogo tu ya kile ambacho karafuu zake ziliuzwa ng'ambo, hasa Indonesia, ambako husagwa na kuchanganywa na tumbaku ya sigara. Kilichobaki kiliingia katika hazina ya Serikali. Kwa hakika ilikuwa kodi kubwa isiyoitwa kodi. Mfanyabiashara wa magendo alihitaji kutoa zaidi kidogo ya bei ya kituo cha ununuzi cha ZSTC, na bado akabaki na faida.

Serikali ilijibu kwa nguvu. Kuna kikosi kizima, KMKM, ambacho hata jina lake ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ulifika wakati adhabu ya kosa hili ilikuwa kifo. Magendo hayakwisha. Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilitokea shambani, kwa kuwa mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na mtu asiyeitarajia bei nzuri hapandi miche mipya wala hapalilii mikarafuu ya babu yake.

Ukiritimba huu wa mnunuzi mmoja, tuseme kweli, haukuzaliwa na Mapinduzi. Mwaka 1937 Waingereza waliipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu mamlaka ya peke yake ya kununua zao hilo, wafanyabiashara wa Kihindi wakasusia, na mwaka uliofuata ikabidi yafanyike mapatano.

Mwaka 2011, wakati wa Rais Ali Mohamed Shein, bei ilipandishwa hadi shilingi 15,000 kwa kilo, pamoja na ahadi kwamba mkulima atapata asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Magendo yalipungua mno. Ni kweli kwamba ulinzi nao uliimarishwa, lakini ulinzi ulikuwapo siku zote, ilhali bei ile ilikuwa ngeni.

Watetezi wa mnunuzi mmoja husema kuwa shirika hulinda ubora na humkinga mkulima pale bei ya dunia inapoporomoka. Hoja ya pili ina uzito, kwani Indonesia ilipoanza kujitosheleza kwa karafuu katika miaka ya 1980, soko letu lilianguka vibaya. Ya kwanza ni dhaifu: karafuu mbichi au zilizochanganywa na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, zinaweza kukaguliwa bandarini, hata kama zimenunuliwa na wafanyabiashara kumi wanaoshindana. Na asilimia 80 yenyewe ni ahadi inayotegemea hisani ya aliyeitoa, maadamu hakuna mwengine anayeruhusiwa kumpa mkulima 85.