Kasa Anayepanda Ufukweni Usiku Hajapotea Njia

Masika yakiingia, ndipo kasa wa kijani wanapotaga kwa wingi kisiwani Mafia, Tanzania, hasa Aprili hadi Juni, na ndipo simu zinapoongezeka ofisini kwetu: "Kasa yuko ufukweni analia, njooni mumrudishe majini." Tunashukuru kwa taarifa, ila jamani, msimbebe. Huyo ni jike anayetafuta pa kutaga. Akishtuliwa kabla hajafukua, hugeuza akarudi na mayai yake tumboni. Machozi ni chumvi ya ziada ikitolewa na tezi za machoni. Hata akiwa baharini hutoka.

Wengine husema "kasa wetu". Kasa hana kijiji. Wapo wanaokula majani ya bahari kwenye pwani yetu kisha wakasafiri zaidi ya kilomita 600 hadi Aldabra, Ushelisheli, kwenda kutaga. Jike hurudi eneo alikoanguliwa, akiongozwa na nguvu ya sumaku ya dunia. Hupandana majini, jirani na fukwe hizo. Dume hushika gamba la jike kwa kucha za mapezi, wakakaa hivyo kwa saa kadhaa. Jike hupandwa na madume kadhaa na kuhifadhi mbegu, hivyo kiota kimoja huweza kuwa na baba zaidi ya mmoja.

Juu ya mchanga huchimba kwa mapezi ya nyuma, moja baada ya jingine, likikunjwa kama upawa. Mayai hudondoka mawili matatu, yameloa ute, hadi yakaribie 120. Hufukia, huondoka, na baada ya wiki mbili hivi hupanda tena. Mara tatu hadi tano kwa msimu. Kisha hupumzika miaka miwili au zaidi.

Tafadhali msihamishe mayai kwa kisingizio cha kuyaokoa. Saa chache tu baada ya kutagwa, kijusi hujishikiza ndani, upande wa juu wa ganda. Ukiligeuza yai, umekiua. Kiota kikitishiwa na bamvua, maji yanapojaa sana, kuhamisha ni kazi ya waliofunzwa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na Kanuni zake za 2009, ni kosa kuvua, kumiliki au kuuza kasa, nyama, mayai au gamba lake. "Nimenunua tu" si utetezi. "Amekufa mwenyewe kwenye jarife" (wavu wa samaki wakubwa) pia si ruhusa ya kumchuna. Akinaswa hai, kateni nyavu mumwachie. Akifa, toeni taarifa BMU, kikundi cha wanakijiji cha kulinda rasilimali za uvuvi, kabla ya kumgusa.

Na wanaosema nyama yake ni dawa wakumbuke Kisiwa Panza, Pemba, Machi 2024: watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila. Sumu iliyomo kwenye nyama hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Mkiona alama pana mchangani, kama tairi la trekta, kumbukeni mahali na tarehe, msizifute, mwambieni BMU. Wenye nyumba na hoteli zimeni taa za upande wa bahari: baada ya siku 50 hadi 60 vitoto hutoka usiku, na hufuata penye mwanga.