Madhara ya muda mrefu ya chanjo: maneno haya yana maana gani?

Siku ya chanjo, benchi la kituo cha afya hapa Kadutu, Bukavu, hujaa mapema. Mama aliyekaa kando yangu alikuja na mtoto wa miezi tisa kupata sindano ya surua na ya homa ya manjano. Alimwuliza muuguzi: "Munganga, leo mutoto iko muzuri. Nyuma ya myaka kumi, je?" Muuguzi, foleni ikimsubiri, akasema hakuna shida, akamwita anayefuata. Swali lile lilistahili jibu refu kuliko hilo.

Tunaposema "madhara ya muda mrefu" tunachanganya mambo mawili. Kuna dhara linalodumu, yaani likishaanza haliondoki upesi. Na kuna dhara linalochelewa: limejificha kimya mwilini, kisha linaibuka mtoto akiwa kijana. Hofu ya wazazi wengi ni hili la pili. Katika historia ya chanjo, la kwanza limewahi kutokea, ingawa kwa nadra sana. La pili ni gumu kutokea, na sababu yake inaeleweka.

Chanjo si kidonge cha kunywa kila siku mpaka kirundikane mwilini. Ni dozi ndogo, na mwili huivunjavunja ndani ya siku au wiki chache. Kinachobaki ni kumbukumbu ya kinga. Ndiyo maana madhara yakiwepo, kwa kawaida hujionyesha mapema. Uvimbe na maumivu huja siku ileile au kesho yake. Homa ya chanjo ya surua huja kati ya siku ya 7 na ya 12, kwa kuwa kirusi kilichodhoofishwa kinahitaji muda wa kuzaliana. Kwa watoto wachache homa hiyo huleta degedege. Inatisha kuitazama, lakini mara nyingi hupita bila kuacha alama.

Mfano wa dhara lililodumu ni wa chanjo ya mafua ya mwaka 2009 iliyoitwa Pandemrix, ambayo haimo katika kalenda ya watoto wetu. Baadhi ya watoto na vijana waliochanjwa walipata ugonjwa wa kusinzia ghafla mchana, na ugonjwa huo hukaa na mtu maisha yote. Ulianza ndani ya miezi, na mwaka 2010 Finland na Sweden zilikuwa zimeshapiga kengele. Ulidumu, lakini haukuchelewa.

Tusifiche pia habari ya matone ya polio, kwa sababu inatuhusu sisi Wakongo. Kirusi dhaifu kilichomo ndani yake, kikizunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa, kinaweza kubadilika na kurudisha nguvu ya kupooza. Imetokea nchini mwetu. Wanaoumia zaidi ni wale ambao hawakupata chanjo, kwa hiyo kuiogopa na kuikwepa kunaongeza hatari yenyewe.

Halafu kuna tofauti ya "baada ya" na "kwa sababu ya". Umri wa chanjo ndio umri ambao kifafa na tawahudi (autisme, hali inayomfanya mtoto atatizike kuzungumza na kuhusiana na watu) huanza kuonekana, hata kwa mtoto ambaye hajachomwa kitu. Madai ya kuhusisha chanjo ya surua na tawahudi yalitoka Uingereza mwaka 1998, kwa kutazama watoto 12 tu. Jarida la tiba la Lancet, lililochapisha makala yenye madai hayo, liliifuta mwaka 2010. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark waliwafuatilia watoto zaidi ya 650,000, waliochanjwa na wasiochanjwa, na hawakuona uhusiano wowote.

Kwa hiyo yule mama, miaka kumi yake imeshapita mara nyingi. Chanjo ya homa ya manjano ilianza miaka ya 1930, ya surua mwaka 1963. Waliochomwa kwanza sasa ni babu na nyanya.

Kinachoweza kuchelewa kweli ni surua yenyewe. Mara chache sana kirusi chake hubaki ubongoni, na miaka 7 hadi 10 baadaye huanza kumpokonya mtoto akili na mwendo, mpaka kifo. Na surua haisubiri miaka hiyo ili iue: katika mlipuko ulioanza 2019, kufikia Januari 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000 nchini Kongo. Wakati ule macho ya dunia yalikuwa kwenye Ebola, iliyoua wachache kuliko hao.

Wauguzi wetu wana neno kwa jambo lolote baya linalompata mtoto baada ya kuchanjwa: MAPI. Kuliandika si kukubali kwamba chanjo ndiyo chanzo, ni kufungua uchunguzi. Mtoto wako akibadilika, rudi na kadi. Sema ilikuwa siku ya ngapi tangu sindano, homa ilidumu muda gani, kama alikuwa na kikohozi au malaria kabla. Usikubali kurudishwa nyumbani na "hakuna shida" kabla hayajaandikwa.