"Maji hii tunakunywaka sisi wote": sumu ya mimea mtoni

Wiki iliyopita nilikuwa bondeni, upande wa Walungu. Papa mmoja alinionyesha samaki wadogo walioelea tumbo juu, hatua chache chini ya mashimo ya kulowekea mihogo. Nikataja mashimo. Akanijibu: "Docta, muhogo ni kitu ya asili. Na maji hii tunakunywaka sisi wote, hakuna mwenye alikufa."

Nimechoka kulijibu neno hilo mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika. Hapa Bukavu watu huniletea maji nipime zebaki ya machimbo, dawa za shamba, mafuta ya magari. Mimea, hapana. Lakini sianidi inayotoka kwenye muhogo ni ileile wanayochenjulia dhahabu migodini. Haina alama ya shamba wala ya kiwanda.

Muhogo mzima hautoi sianidi. Unapolainika majini siku 3 au 4, seli zinapasuka na linamarini, kemikali ya muhogo iliyobeba sianidi, inakutana na kimeng'enya kinachoikata. Kwanza inatoka asetoni sianohidrini, kisha sianidi yenyewe, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 tu, yaani iko tayari kupanda hewani.

Hapa ndipo watu husema "maji yanaiua sumu", na hapa ndipo nakasirika, kwa sababu hata wenzangu wenye diploma wanalisema. Maji hayaiui, yanaihamisha tu. Tena angalia shimo lenyewe: mihogo ikichacha, maji yanakuwa makali kama siki, pH (kipimo cha asidi: ikishuka, ukali unazidi) inashuka hadi karibu 4. Kwenye ukali huo asetoni sianohidrini inatulia, haivunjiki haraka. Mama akimaliza kazi anabomoa ukingo kwa jembe, maji yale meupe yenye povu yanaingia mtoni, ambako pH ni 6 au 7. Hapo ndipo inavunjika na kuachia sianidi, ndani ya mto. Kwa pH hiyo karibu yote iko katika umbo lisilo na chaji, lile linalopenya matamvua bila kizuizi. Mbele kidogo, maji yakiruka juu ya mawe, gesi inaondoka. Madhara yanabaki kwenye kipande kifupi cha mto, kwa muda mfupi, na anayepita kesho hakuti kitu.

Na sisi tunaokunywa? Samaki hupitisha mto mzima kwenye matamvua, mchana na usiku, na sumu inaingia kwenye damu moja kwa moja. Kuna samaki wanaokufa sianidi ikiwa chini ya miligramu 0.1 kwa lita. Wewe ukinywa kikombe cha maji hayo, ini lako linaigeuza kuwa tiosianati ukitembea. Kutokufa kwako si kipimo cha mto. Utupa, ule mmea wa kuvulia samaki, ni vivyo hivyo: anayetwanga majani yake na kuyamwaga mtoni ili avue anakula samaki jioni bila kuumwa, kwa kuwa rotenoni, sumu yake, hupita kwa shida tumboni lakini hupita upesi kwenye matamvua. Jua huivunja baada ya siku chache. Kabla ya hapo imeua vifaranga vya samaki na wadudu wa majini wengi, wala haichagui.

Fujeri (jimbi) ile inayojaa kwenye milima iliyochomwa moto nayo ina sumu ya ptakwilosidi, inayoleta saratani kwa ng'ombe. Huyeyuka kwa mvua na kushuka. Denmark wameikuta kwenye vijito. Nitaiandikia siku nyingine.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Wale samaki wa Walungu siwezi kuapa kwamba waliuawa na sianidi. Maji ya shimo yamejaa wanga na asidi. Bakteria wakivila vitu hivyo wanamaliza oksijeni, na samaki aliyekosa hewa huelea vilevile. Nilipofika oksijeni ilikuwa imesharudi. Huenda ni yote mawili. Bado yote mawili yalitoka shimoni.

Pia msiniletee tena maji kwenye chupa ya soda iliyozunguka na motari wa pikipiki nusu siku. Sianidi imesharuka njiani, nami nitasoma karibu sifuri, na mtu atasema "labo imetusafisha". Chupa iwe imetiwa soda kali (hidroksidi ya sodiamu, si ya kunywa) mpaka pH ipite 12, ijazwe mpaka mdomoni, ifungwe, ikae gizani na baridini.

Na tafadhali, nisieleweke kwamba mihogo isilowekwe. Familia zinazofupisha siku za kuloweka wakati wa njaa ndizo zinazopata konzo, ugonjwa ambao miguu inakakamaa maisha yote; huku Kivu Kusini, Burhinyi imeonekana. Lowekeni siku zote zinazohitajika. Shimo tu lichimbwe mbali na ukingo, na maji yake yamwagwe juu ya udongo, kidogo kidogo. Yule papa alinisikiliza, akaenda kumwita mkewe, tukapima pamoja: kutoka shimo hadi mto, hatua 4.