Je, wajua kwa nini kigeu ulichokiweka hatua ya kwanza hukikuti hatua ya pili?

Kila anayeanza kutumia mfumo wa kujenga programu kiotomatiki, awe Kampala, Mbarara au Gulu, hukutana na fumbo hili mapema. Anaandika hatua ya kwanza inayosoma namba ya toleo, tuseme 2.4.1, na kuiweka katika kigeu, yaani jina linaloshika thamani, kiitwacho VERSION. Hatua ya pili inatakiwa kuibandika namba hiyo kwenye programu iliyojengwa. Hatua zote mbili zinapita na alama ya kijani inawaka, lakini programu inatoka na jina lisilo na namba. VERSION ni tupu, na hakuna kosa lililoripotiwa popote. Tahajia iko sawa, na amri ya export aliyoitumia kukiweka kigeu ni ileile inayomtii kila siku kwenye kompyuta yake.

Chanzo cha fumbo hili ni cha zamani kuliko mifumo yenyewe. Mwaka 1979 maabara ya Bell Labs huko Marekani ilitoa toleo la saba la Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na ndani yake mlikuwa na vigeu vya mazingira kama tunavyovijua leo: orodha ya maandishi ya aina ya JINA=thamani ambayo kila mchakato, yaani programu iliyo kazini kwenye kompyuta, huibeba. Mchakato unapozaa mwingine, mtoto hupewa nakala ya orodha hiyo. Akiongeza jina au kubadilisha thamani, anabadilisha nakala yake tu. Mzazi haoni kitu, na mtoto akimaliza kazi nakala hufutwa pamoja naye. Linux, mfumo uliofuata nyayo za Unix, iliurithi utaratibu huu, na sehemu kubwa ya seva za kujenga programu duniani zinaendesha Linux.

Sasa itazame paipulaini yenyewe, yaani mlolongo wa hatua za kujenga programu. Mtayarishaji anapakia msimbo wake, seva inauchukua, inaujenga, inaupima, kisha inaupeleka unakotakiwa. Kwenye skrini tunaona mstari mmoja unaosonga kutoka kushoto kwenda kulia, na macho hutudanganya kwamba ni kitu kimoja kinachoendelea. Sivyo. Katika GitHub Actions, mmoja wa mifumo hii, kila hatua ya amri huanzishiwa sheli mpya, yaani mchakato mpya wa kusoma na kutekeleza amri. Katika Jenkins, mfumo mwingine, ni vivyo hivyo kwa kila amri ya sh. Hatua ya kwanza na ya pili si mzazi na mtoto. Ni ndugu wawili wa mzazi mmoja, na alichokiandika mkubwa katika nakala yake hakimfikii mdogo. GitLab, mfumo wa tatu, ina desturi tofauti kidogo: mistari yote ya script, yaani orodha ya amri, ndani ya kazi moja (kundi la hatua) hupita katika sheli moja, kwa hiyo export hudumu hadi kazi iishe, ila sehemu ya after_script, ya amri za mwishoni, huanzishiwa sheli yake. Ndiyo maana mtu aliyehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine hushangaa mbinu yake ya miaka yote inapokataa.

Kuna mtego wa aina hiyohiyo hata ndani ya skripti moja. Ukiandika kitanzi cha while (amri zinazorudiwarudiwa) upande wa kulia wa alama ya bomba (|) katika bash, sheli maarufu ya Linux, kwa kawaida kitanzi hicho huendeshwa katika mchakato mtoto. Hesabu yote uliyoikusanya ndani yake hupotea kitanzi kikiisha.

Kati ya hatua na hatua ukuta ni mwembamba. Kati ya kazi na kazi ni mnene zaidi, kwa sababu kwa kawaida kila kazi hupewa mashine pepe au kontena yake, yaani kompyuta ya kuigiza, safi, isiyo na kumbukumbu ya lolote lililotangulia. Hapo hata faili uliloliacha kwenye diski halipo. Thamani inayovuka kutoka kazi moja hadi nyingine ni kama kifurushi unachokipeleka ofisi ya basi Kampala kiende Arua: hakiendi kwa sababu wewe na ndugu yako mnafahamiana, kinakwenda kwa sababu umekikabidhi, kimeandikwa jina la mpokeaji, na yeye amekwenda kukiulizia kwa jina hilohilo. Katika GitHub Actions unaiandika thamani kwenye faili ambalo njia yake imo katika GITHUB_OUTPUT, unaitangaza kuwa tokeo la kazi, na kazi inayopokea inataja kwamba inaitegemea ile ya kwanza. Katika GitLab unaandika faili la mistari ya JINA=thamani na kulitangaza kuwa ripoti ya aina ya dotenv. Ukiacha tamko lolote kati ya hayo, mpokeaji hupata maandishi matupu, na kimya kilekile cha mwanzo.

Mtu anaweza kuuliza: si ingekuwa rahisi kila kitu kikapita chenyewe? Ilijaribiwa, na ilileta hatari. Zamani GitHub Actions iliruhusu hatua kuweka kigeu cha mazingira kwa kuchapisha tu mstari maalumu kwenye logi (kumbukumbu ya yanayochapishwa), mstari uliokuwa na neno set-env. Mfumo ulikuwa ukisoma kila kinachochapishwa, ukiona mstari huo unatii. Lakini paipulaini huchapisha mambo mengi yasiyotoka kwa mwenye mradi: kichwa cha ombi la mabadiliko kutoka kwa mgeni, ujumbe wa kosa, jina la faili. Mgeni akifaulu kuupenyeza mstari ule ndani ya maandishi hayo, amejiwekea kigeu katika seva ya mtu mwingine. Oktoba 2020 udhaifu huo ulitangazwa hadharani, na Novemba mwaka uleule njia hiyo ikazimwa.

Jenkins ilikuwa imepita njia kama hiyo mapema zaidi. Ilikuwa desturi kwa kazi moja kuianzisha nyingine na kuirushia vigezo vyovyote, yaani thamani za kuanzia, hata ambavyo kazi ya pili haikuvitangaza, navyo vikageuka kuwa vigeu vya mazingira. Aliyeruhusiwa kuanzisha kazi angeweza hata kuibadilisha PATH, orodha inayoiambia kompyuta itafute programu wapi, na hivyo kuifanya iendeshe programu asiyoitarajia mwenye seva. Mei 2016 Jenkins ilitoa marekebisho: kigezo kisichotangazwa na kazi inayopokea hakipitishwi. Paipulaini nyingi zilikatika baada ya marekebisho hayo. Mimi nauona uamuzi ule kuwa wa haki kabisa. Kazi inayoorodhesha vigezo vyake juu kabisa, kwa majina na maelezo, husomeka hata na mgeni aliyejiunga na timu wiki hii. Ile inayopokea chochote haisomeki hata na aliyeiandika.

Basi ni thamani zipi zinazostahili kupitishwa? Jibu langu ni hili: ile ambayo ikikokotolewa mara mbili inaweza kutoa majibu mawili. Tarehe ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu kwetu Uganda unauma. Saa zetu ziko mbele ya saa za UTC, saa za marejeo za dunia, kwa saa tatu, na seva za kujenga programu kwa kawaida hutumia UTC. Timu ya Ntinda inayojenga toleo saa saba usiku italipata limebandikwa tarehe ya jana, maana kwenye UTC ni saa nne usiku ya siku iliyotangulia. Tena kazi moja ikiisoma tarehe dakika chache kabla ya saa tisa usiku kwa saa zetu, na nyingine dakika chache baadaye, toleo moja linapata majina mawili, na kazi ya kupeleka inatafuta faili ambalo halipo. Dawa si kurekebisha saa peke yake. Soma tarehe mara moja, katika kazi ya kwanza kabisa, kisha ikabidhi kwa zote zinazofuata.

Kinachovuka kuta hizi zote, tangu 1979, ni maandishi tu. Vigeu vya mazingira havijui namba, havijui kweli wala si kweli. Neno false (si kweli) likiifikia lugha ya programu ya Python kama maandishi na ukauliza kwa bool, amri yake ya kuamua kweli au si kweli, jibu ni kweli, kwa kuwa ni maandishi yasiyo tupu. Balaa kubwa zaidi liko kwenye YAML, lugha ambayo mifumo mingi ya paipulaini huandikiwa. Ukiandika toleo la Python kuwa 3.10 bila alama za kunukuu, YAML huliona kuwa namba ya desimali, na sifuri ya mwisho huanguka: unaomba 3.10, unapewa 3.1. Na sisi wenye namba za simu zinazoanza na sifuri tuna mtego wetu. Chukua vianzio vitatu vya simu za Uganda, 0772, 0782 na 0752, uviandike bila alama za kunukuu katika faili linalosomwa na PyYAML, maktaba maarufu ya Python inayofuata kanuni za YAML 1.1. Kanuni hizo husema namba inayoanza na sifuri ni ya mfumo wa nane, wenye tarakimu 0 hadi 7 tu. Kwa hiyo 0772 inageuka 506, 0752 inageuka 490, na 0782 inabaki maandishi kama ilivyo, kwa sababu tarakimu 8 haimo katika mfumo wa nane. Vianzio viwili vimeharibika na kimoja kimepona, ndani ya orodha ileile. Anayejaribu kwa namba ya 0782 ataapa kwamba kila kitu kiko sawa. Weka alama za kunukuu kwa kila thamani isiyo ya kujumlishwa.

Swali la wakati nalo ni zito: thamani iingie programu inapojengwa, au inapowashwa? Tuseme timu inatengeneza programu ya sacco ambayo wanachama huweka akiba kwa pesa za simu kupitia MTN MoMo. Mazingira ya majaribio ya huduma hiyo hutaka kichwa cha ombi kitaje sandbox, na sarafu yake ni euro. Mazingira halisi ya Uganda hutaka mtnuganda, na sarafu ni shilingi, UGX. Ukizichoma thamani hizo ndani ya programu wakati wa kuijenga, itakubidi ujenge upya kabla ya kuipeleka kwa wanachama, na hiyo uliyoijenga upya si ile iliyopimwa. Ni programu nyingine inayofanana nayo. Kwa upande wa seva, basi, jenga mara moja, pima hiyohiyo, na uipe sarafu na mazingira kama vigeu inapowashwa. Programu ya simu yenyewe, ile anayoipakua mwanachama, haina nafasi hiyo, kwa kuwa haiwashwi na paipulaini yako. Hapo chagua vichache sana vya kuchomwa ndani, na kamwe visiwe siri kama nywila, maana kila anayeipakua anaweza kuifungua na kusoma. Watumiaji wa Docker, chombo cha kutengeneza kontena, nao wajihadhari: kigezo cha ARG ni cha wakati wa kujenga tu, lakini kikitumika katika amri za ujenzi thamani yake huweza kuonekana kwa yeyote anayetazama historia ya taswira, yaani kifurushi ambacho kontena huwashwa kutokana nacho.

Siri ndizo zinazoonyesha kwa nini ugumu wote huu una faida. Kuanzia tarehe 31 Januari hadi 1 Aprili 2021, skripti ya Codecov, huduma iliyotumiwa na paipulaini nyingi kupima kiasi cha msimbo uliojaribiwa, ilikuwa imechezewa na wavamizi. Mstari mmoja ulioongezwa ulichukua vigeu vyote vya mazingira na kuvituma kwenye seva yao. Haukuhitaji kuvunja chochote: skripti ilikuwa mchakato mtoto, na mtoto hupewa nakala ya orodha yote. Aliyekuwa ameweka nywila za hifadhidata kwa paipulaini nzima alizitoa zote. Aliyeipa kila hatua siri inayohitaji tu, alipoteza kidogo au hakupoteza. Kwa anayehifadhi taarifa za wanachama wa sacco hili si suala la ustadi pekee, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inamwajibisha kuzilinda.

Mifumo hii huficha siri kwenye logi kwa kuziba maandishi yanayolingana nazo kwa nyota. Kinga hiyo ni nyembamba. Siri ikigeuzwa umbo kwa njia ambayo mfumo hauitarajii, au ikikatwa vipande viwili, mfumo huweza kutoitambua na kuichapisha wazi.

Kinga hiyohiyo huzaa fumbo la pili, linalowachosha watu kuliko la kwanza. Umefuata kila kanuni: umeandika kwenye GITHUB_OUTPUT, umetangaza tokeo, mpokeaji ametaja anayemtegemea, na bado thamani inafika tupu. Tazama thamani yenyewe. Tuseme ni jina kamili la taswira ya kontena, na ndani yake mna namba ya akaunti yako ya wingu uliyoihifadhi kama siri. GitHub Actions ikiona siri ndani ya tokeo la kazi, hulizuia lisivuke, na huacha onyo fupi kwenye logi ya kazi iliyotuma, mahali ambapo wachache hutazama kwa sababu kazi hiyo imepita. Pitisha alama ya toleo peke yake, kisha kazi inayopokea iliunge jina lote kwa siri iliyopewa moja kwa moja.